Malalamiko ya Mfanyakazi Hufikaje Juu?

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, vitendawili na hadithi za sungura na fisi, nami huzisoma kwa furaha. Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya jambo litakalotuhusu wengi wetu mara tu baada ya mtihani wa kidato cha nne, nalo ni kazi ya kiwandani. Nitaeleza wafanyakazi wa kampuni kubwa husema nini juu ya kazi yao na wakubwa wao, maneno hayo hupita njia gani mpaka yamfikie meneja, na kwa nini mara nyingi hukwama njiani.

Labda utauliza, kwa nini kampuni kubwa? Hapa kwetu Mbooni mtu akiandikwa kibarua cha kuchimba matuta, mwenye shamba anamjua yeye, anamjua baba yake na anajua anakotoka. Jua likiwa kali atasema, "Mzee, tupumzike kidogo," na mambo yanaisha. Hakuna ofisi wala karatasi. Lakini kampuni yenye watu elfu moja si kama shamba la jirani. Mwenye mali huenda yuko ng'ambo. Meneja yuko katika ofisi yake. Kati ya meneja na yule anayeketi kwenye cherehani kuna supavaiza, kuna mkubwa wa supavaiza, na kuna ofisi ya wafanyakazi. Neno likitoka chini hupitia kwa hao wote. Na kila mmoja ana sababu ya kulipunguza makali, kwa maana hakuna anayetaka kumwambia mkubwa wake kwamba sehemu yake ina shida. Ndiyo sababu neno lililoanza kama kilio chini likifika juu huwa limekuwa "watu wako sawa, bosi."

Basi hilo ndilo fundo la makala haya. Wafanyakazi hawakosi maoni. Linalokosekana ni njia ya kuyafikisha, na ulinzi kwa yule anayeyafikisha.

ATHI RIVER NA VIWANDA VYA NGUO

Mfano wangu mkubwa ni Athi River, kwa kuwa ndiko vijana wengi wa Ukambani hukimbilia kutafuta kazi. Ukitoka Kikima, ukapanda gari hadi Machakos, halafu ukatokea Kyumbi kwenye barabara kuu ya Mombasa, ukielekea Nairobi utafika Athi River. Mji huu uko katika kaunti ya Machakos. Kuna viwanda vya saruji, kuna kiwanda cha nyama, na kuna viwanda vya nguo. Vingi vya hivi vya nguo viko ndani ya eneo maalum la kutengenezea bidhaa za kuuza nchi za nje, ambalo kila mtu huliita EPZ.

Sheria ya EPZ ilipitishwa mwaka wa 1990. Serikali ilitaka kuwavutia matajiri wa nje waje kujenga viwanda ili vijana wapate kazi. Kwa hiyo kampuni ya EPZ hupewa nafuu, mathalani kutolipa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya kwanza. Mwaka wa 2000 Marekani nayo ilipitisha sheria iitwayo AGOA, iliyoruhusu nguo kutoka nchi nyingi za Afrika ziingie huko bila ushuru. Viwanda vikapanuka. Asubuhi getini pakawa na umati wa watu wanaotafuta kuandikwa, wengi wao wanawake vijana.

Ili uelewe malalamiko yao, hapana budi uelewe kwanza jinsi kazi yenyewe inavyokwenda. Fundi wa nguo wa Kikima hushona suruali nzima peke yake, tangu kukata hadi kutia vifungo. Kiwandani sivyo. Watu huketi kwa laini, cherehani nyuma ya cherehani. Huyu anashona mfuko tu, yule anashona kiuno tu, na mwingine anatia zipu tu, kutwa nzima. Nguo hupita kutoka mkono hadi mkono. Kila laini hupewa idadi ya vipande inayotakiwa kwa saa, na wao huiita tageti. Mmoja akichelewa, nguo hurundikana mbele yake na waliomfuata hukaa bure. Hapo supavaiza huja mbio. Yeye naye ana mkubwa wake anayemngoja na hesabu, na huyo mkubwa ana meli inayongoja Mombasa.

WANASEMAJE?

Niliwauliza watu watatu wa kwetu ambao wamewahi kufanya kazi katika viwanda vya nguo. Sitataja majina yao wala ya viwanda, kwa kuwa wawili kati yao bado wanatafuta riziki huko.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wote watatu walianza kwa sifa. Walisema mshahara wa kiwandani huja kwa tarehe, si kama vibarua vingine ambavyo unazungushwa "njoo kesho, njoo kesho kutwa." Walisema pesa za NSSF zilikatwa na kupelekwa. Mmoja alisema, "Mimi niliingia hata sijui kutia uzi kwenye cherehani. Nilitoka fundi." Huyo siku hizi ana cherehani yake mwenyewe na anashona sare za shule.

Halafu malalamiko yakaja. La kwanza lilikuwa tageti. Walisema ukiifikia leo, kesho inaongezwa. La pili lilikuwa ovataimu. Hawakuichukia, maana inaongeza pesa. Walichochukia ni kuambiwa saa kumi na moja jioni kwamba hakuna kwenda nyumbani, ilhali mtoto amebaki kwa jirani. La tatu lilikuwa kandarasi fupi fupi. Mtu anafanya kazi miezi kadhaa, anasimamishwa siku chache, kisha anaandikwa upya kana kwamba hajulikani. La nne lilinishangaza. Mmoja alisema ya kwamba katika laini yao kulikuwa na kadi moja ya kwenda chooni. Aliye na kadi ndiye anayeruhusiwa kutoka. Wengine mngoje arudi.

Nikauliza, "Sasa aunti, mlimwambia meneja?" Akacheka. Akasema kulikuwa na sanduku la maoni, zuri, la mbao, lenye kufuli. Lakini lilikuwa limetundikwa kando ya mlango wa ofisi ya meneja. Nani ataenda kutumbukiza karatasi pale akionekana na kila mtu? Alikaa pale miaka miwili na hakuwahi kuona mtu akilikaribia. Kumbe huko ofisini wakubwa walikuwa wakifungua sanduku, wakalikuta tupu, na wakasema wafanyakazi wameridhika!

Msomaji, tafakari jambo hilo. Sanduku tupu lina maana mbili. Huenda watu hawana la kusema, au huenda wanaogopa. Meneja mwenye hekima hutafuta kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

NENO LISILOPITA HUFURIKA

Maji ya mto yakizibwa hayapotei, hujikusanya mpaka yavunje kingo. Ndivyo ilivyo na malalamiko. Desemba 2002 Kenya ilipata serikali mpya, ya Rais Mwai Kibaki. Wiki chache baadaye, mapema mwaka wa 2003, maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma, Athi River na kwingineko. Malalamiko yao yalikuwa mshahara mdogo, ovataimu ya lazima, kudhalilishwa na wasimamizi, na kuzuiwa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Mwaka uliofuata, 2004, shirika la kutetea haki liitwalo Kenya Human Rights Commission lilitoa ripoti nzima juu ya hali ya wafanyakazi wa EPZ, na mengi ya hayo yalikuwemo.

Jambo la kujiuliza ni hili: mbona watu wengi namna hiyo walitoka nje kwa pamoja? Shida hizo hazikuanza Januari ile. Zilikuwa zimelimbikizwa miaka mingi, na pale chama kilipozuiwa hapakuwa na mtu wa kuzibeba zikiwa ndogo. Meneja hupata hasara kubwa mgomo ukitokea, na mfanyakazi naye hupata hasara. Kama kadi ya choo ingezungumzwa mapema, ingemalizwa kwa kununua kadi nyingine.

Lakini si pesa tu zinazopotea neno likizuiwa. Naomba niwapeleke mbali kidogo, hadi Bangladesh huko Asia, kwa sababu washonaji wa huko ni washindani wa washonaji wetu na hushona nguo za wanunuzi wa aina ile ile. Karibu na jiji la Dhaka kulikuwa na jengo la ghorofa nane lililoitwa Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na viwanda kadhaa vya nguo, na ghorofa za chini zilikuwa na maduka na benki. Tarehe 23 Aprili 2013 watu waliona nyufa kubwa ukutani. Benki ikawaambia wafanyakazi wake wasirudi. Washonaji nao hawakutaka kuingia, lakini kesho yake, tarehe 24, waliamriwa warudi kwenye cherehani zao. Asubuhi hiyo jengo likaanguka. Watu zaidi ya 1,100 walikufa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapo methali yetu haikuwa methali tena, ilikuwa ufa wenyewe. Wafanyakazi walikuwa na maoni juu ya mazingira yao ya kazi, na maoni yao yalikuwa sahihi kuliko ya wakubwa. Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyekuwa na nguvu ya kusimama mbele ya meneja na kusema, "Leo hatuingii," kisha abaki na kazi yake. Baada ya msiba huo, kampuni nyingi za nguo za ng'ambo zilitia sahihi mkataba na vyama vya wafanyakazi ili majengo ya viwanda yakaguliwe. Ulikuja wakiwa wamekwisha kuzikwa.

TULIKOTOKA

Kupeleka lalamiko kwa wakubwa si jambo geni huku kwetu Ukambani. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwauzia Wakamba ng'ombe wao kwa lazima, ikidai kwamba mifugo imezidi na inaharibu udongo. Wakati huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa papo hapo Athi River, nacho kilitaka ng'ombe wa bei rahisi. Samuel Muindi Mbingu wa chama cha Ukamba Members Association aliongoza umati wa watu, wanaume kwa wanawake, wakaenda Nairobi kutaka kumwona Gavana. Walikaa huko wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake.

Hao hawakuwa wafanyakazi wa kampuni, lakini somo ni lile lile. Mtu mmoja akilalamika huitwa mgomvi. Watu wengi wakimtuma mmoja, huyo huwa mjumbe. Tena angalia yaliyompata mjumbe mwenyewe: lalamiko lilifaulu, yeye akaumia.

Mombasa nako mambo yalikwenda vivyo hivyo. Januari 1947 wafanyakazi wa bandari, wa reli, wa mahoteli na hata wa nyumbani waligoma pamoja kwa sababu mishahara haikutosha chakula na kodi ya nyumba. Katika mgomo huo walianzisha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wao. Baraza liliundwa kuchunguza mishahara, na mishahara ikapandishwa. Kibachia naye alikamatwa Agosti mwaka huo akapelekwa Kabarnet.

Kisha akaja Tom Mboya. Huyu alizaliwa mwaka wa 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi, na katika utoto wake alisoma Kabaa, Machakos. Alipokuwa mfanyakazi wa Baraza la Jiji la Nairobi alijenga chama cha wafanyakazi wenzake, na baadaye akaongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Mwaka wa 1962, akiwa Waziri wa Leba, serikali, waajiri na vyama walitia sahihi mapatano ya jinsi ya kushughulikia migogoro viwandani: kwanza kuzungumza, kisha kusuluhishwa, mgomo uwe wa mwisho. Mahakama ya Viwanda ilianzishwa 1964, na COTU ikaundwa 1965. Kwa ufupi, yale waliyofungiwa akina Kibachia yakawa utaratibu wa nchi.

NGAZI YA LALAMIKO SIKU HIZI

Sasa tufike kwenye sheria za leo. Nitaeleza kwa lugha nyepesi, ngazi kwa ngazi, kama mtu anayepanda milima yetu ya Mbooni.

Chini kabisa kuna Katiba ya mwaka wa 2010. Kifungu cha 41 kinampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama cha wafanyakazi, na kugoma. Juu ya msingi huo kuna sheria za kazi zilizopitishwa mwaka wa 2007.

Ngazi ya kwanza ni kampuni yenyewe. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi aeleze kwa maandishi kanuni za nidhamu, na ataje mtu ambaye mfanyakazi mwenye lalamiko atamwendea. Yaani si bahati nasibu. Siku ya kuandikwa kazi una haki ya kuuliza, "Nikiwa na shida nitamwona nani?"

Ngazi ya pili ni kamati ya usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inasema kwamba mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama na afya, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao humo. Mlango wa dharura umefungwa kwa kufuli? Vumbi la pamba limejaa? Hapo ndipo pa kusemea. Tena mfanyakazi akiona hatari ya karibu anapaswa kumwarifu msimamizi wake, na halazimishwi kurudi mahali hapo kabla ya hatari kuondolewa. Kumbukeni Rana Plaza.

Ngazi ya tatu ni chama cha wafanyakazi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inasema kwamba chama kikipata zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaoweza kujiunga nacho, mwajiri lazima akitambue. Wafanyakazi huchagua mwakilishi wao miongoni mwao. Huyu bado anashona kama wengine, lakini ana ruhusa ya kuingia ofisini na kusema. Yeye akisema "watu wa laini ya nne wamechoka," hakuna anayejua ni nani hasa aliyelalamika. Hii ndiyo faida ambayo sanduku la maoni kando ya mlango wa meneja haliwezi kuileta. Kisha chama na kampuni huandikiana mkataba wa pamoja juu ya mishahara, saa za kazi na likizo, na mkataba huo husajiliwa mahakamani.

Ngazi ya nne ni afisa wa leba wa serikali. Mtu aliyefutwa bila haki anaweza kumpelekea lalamiko katika muda wa miezi 3 tangu kufutwa. Wengi huchelewa hapa. Hurudi nyumbani, hukaa na uchungu, na wakistuka miezi imekwisha.

Ngazi ya tano ni msuluhishi anayeteuliwa kukiwa na mgogoro kati ya chama na mwajiri, na ya sita ni Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usuluhishi ukishindikana, wafanyakazi wanaweza kugoma, lakini lazima watoe ilani ya maandishi ya siku 7. Mgomo wa kuamka tu na kurusha mawe getini haulindwi na sheria, na ndio unaowafutisha watu kazi.

Je, mjumbe analindwaje ili yasimkute ya Muindi Mbingu na Kibachia? Sheria ya Ajira inasema wazi kwamba kujiunga na chama si sababu ya haki ya kumfuta mtu. Kuwasilisha lalamiko dhidi ya mwajiri pia si sababu, ila tu kama ni lalamiko la ovyo lisilo na msingi. Tena kabla ya kufutwa kwa kosa, mfanyakazi lazima aelezwe kosa lake na asikizwe, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake.

Mbona basi watu bado wanaogopa? Wale watatu niliowauliza walinipa jibu moja: kandarasi fupi. Mtu mwenye kandarasi ya miezi mitatu hahitaji kufutwa. Kandarasi ikiisha hairudiwi, basi. Hakuna barua, hakuna kosa, na hakuna la kupeleka kwa afisa wa leba. Kwa hiyo mwenye kandarasi fupi hunyamaza. Sheria imejaribu kuliziba tundu hilo kwa vibarua wa kutwa. Kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zinazofika mwezi mmoja, huanza kuhesabiwa kama mtu wa mshahara wa mwezi. Lakini ili kudai hilo lazima uwe na ushahidi wa siku ulizofanya kazi, na wangapi huweka?

NA UPANDE WA MENEJA?

Haifai kusikiliza upande mmoja. Meneja wa kiwanda cha nguo naye yuko taabani. Mnunuzi wa ng'ambo hutaka nguo kwa tarehe fulani na kwa bei fulani, na akikosa huenda Bangladesh au Vietnam. Mwanzoni mwa mwaka wa 2005 mapatano ya zamani ya dunia ya kugawana masoko ya nguo yalimalizika. Nchi za Asia zikauza kwa wingi zaidi, na maelfu ya Wakenya walipoteza kazi katika viwanda vya EPZ. Kwa hiyo meneja akisema "tukipandisha gharama tutafunga," si kila mara anatania.

Lakini hata hivyo kuna mambo mengi ambayo hayagharimu sana. Kumwambia mtu tangu asubuhi kwamba jioni kuna ovataimu hakuli pesa yoyote. Kuhamisha sanduku la maoni kutoka mlangoni pa ofisi hadi karibu na vyoo kunahitaji misumari miwili. Kusoma yaliyomo mbele ya wote na kusema "hili tutalifanya, hili hatuwezi, na sababu ni hii" kunahitaji nusu saa. Mfanyakazi aliyejibiwa "haiwezekani" pamoja na sababu huondoka na kitu. Asiyejibiwa kabisa huondoka na kinyongo. Waama, mchelea mwana kulia hulia yeye. Meneja anayeogopa kusikia malalamiko madogo atakuja kuyasikia makubwa getini, tena mbele ya polisi.

Hata sisi tunaujua utaratibu huu, ila hatujautilia maanani. Katika mwethya wa akina mama wetu, kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, na kila mtu hupewa nafasi ya kusema kabla ya majembe kuinuliwa. Asiyeridhika husema pale pale, na kazi ya matuta inaendelea. Kampuni ni kubwa kuliko mwethya, lakini wanaofanya kazi humo ni watu wale wale waliolelewa na mama hao.

LA KUFANYA UKIANDIKWA

Wenzangu wa kidato cha nne, na sisi tunaowafuata, naomba tushike machache haya.

Kwanza, kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Usome kabla ya kutia sahihi, na uombe nakala yako.

Pili, weka kila karatasi ya mshahara. Sheria inakupa haki ya kupewa karatasi inayoonyesha ulicholipwa na kilichokatwa. Hiyo ndiyo shahidi wako asiyefutwa kazi.

Tatu, jua hesabu zako: siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, na miezi 3 ya uzazi yenye mshahara kamili kwa mama.

Nne, katika wiki ya kwanza uliza mwakilishi wa wafanyakazi ni nani, na kamati ya usalama ni akina nani. Ukiambiwa hakuna, tayari umejua jambo kubwa juu ya kampuni hiyo.

Tano, lalamika kwa utaratibu. Andika tarehe, andika lililotokea, taja waliokuwepo, bila matusi. Lalamiko lenye tarehe haligeuzwi njiani kuwa "watu wako sawa, bosi."

Na ikiwa Mola atajalia mmoja wetu awe meneja, kwani hatujui ya kesho, basi na akumbuke kwamba kimya cha wafanyakazi si sifa. Aulize kwa nini wamenyamaza, na amlinde yule wa kwanza atakayejibu.